Pipa la Mama Sogeza

Mwenye nyumba wetu ana jina zuri la kuzaliwa, lakini hapa uani halina kazi. Sisi wapangaji tunamwita Mama Sogeza, na yeye anaitika bila kununa. Jina hilo alilipata kihalali. Kila Jumamosi, jua likishapanda kidogo, alikuwa akitoka chumbani kwake amejifunga kibwebwe, anasimama katikati ya ua, anatazama huku na huku, kisha anasema, "Hili benchi limechoka kukaa hapa. Hebu sogeza kidogo." Ukilisikia hilo neno, ujue asubuhi yako imekwisha. Benchi likienda penye pipa, pipa nalo litafutiwe pa kukaa. Pipa likienda penye makopo ya mnanaa, mnanaa uhamie chini ya kamba ya nguo, na kamba ifungwe upande wa jikoni. Kufikia mchana ua umekuwa mpya, sisi tunahema, na yeye anang'aa kama bibi harusi.

Mimi ni msusi. Chumba changu ni cha kwanza ukiingia getini, na kibaraza chake ndicho ofisi yangu, kwa hiyo hapiti mtu bila mimi kumwona. Na nikiona jambo, siliweki moyoni. Siku moja nilimuuliza, "Mama, hivi hivi vitu vimekukosea nini?" Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia kwamba marehemu mumewe alikuwa karani wa serikali, wa kuhamishwa kila mara. Mama akishazoea tu mahali pa meza, uhamisho huo unaingia, na meza inapanda lori. Ujana wake wote aliumaliza akipanga na kupangua. Mzee alipostaafu wakajenga nyumba hii, na hakukawia akafariki.

"Sasa mwenyewe nimetulia, mwanangu," akasema. "Lakini mikono haijapata habari."

Usije ukadhani ni mwenye nyumba wa kero. Kwa kuwajali wapangaji hana mfano, na mimi nimepanga kwingi, nayajua mengi. Bibi mmoja wa hapa uani, ambaye magoti yake yalikataa kazi zamani, alikuwa akikaa chumba cha mwisho, mbali na choo. Mama Sogeza alimhamisha mwenyewe, kisha akachukua vyuma vya kitanda kilichovunjika, akamwita fundi, vikawa mshikio ukutani kutoka mlangoni kwa Bibi mpaka chooni. Mlinzi, ambaye huenda kazini watu wakirudi na hulala watu wakiamka, alipachikiwa pazia zito la nguo mbili, na redio zote zikaamriwa zinong'one mpaka alasiri. Mpangaji mmoja alipolalamika kwamba yeye analipa kodi sawa na Mlinzi, Mama Sogeza akamjibu, "Ndiyo, na yeye analipa kodi ya kulala, si ya kufumba macho." Jamaa akaufyata.

Ila ukitazama vizuri utaona kwamba mahitaji yote hayo yalimtaka asogeze kitu, na kusogeza kwake ni raha. Tulimjua sawasawa siku alipokuja mtu aliyemtaka asisogeze.

Mtu huyo alikuja asubuhi moja akiwa na dada yake mkubwa. Alikuwa kijana mtu mzima, shati limepigwa pasi, miwani myeusi, na mkononi ameshika fimbo nyeupe. Hakuwa anaona hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kupokea simu hospitalini na kuziunganisha na wanaotakiwa, na kabla hata hajapata chumba tulikuwa tumeshamwita Opereta. Dada yake alimshika kiwiko kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Mama Sogeza aliwakaribisha, akawaonyesha chumba cha pembeni, karibu na jiko. Kijana akaingia, akapapasa kuta, akafungua dirisha, akalifunga. Akaomba ufunguo. Alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, akaufungua, uso wake ukiwa na tabasamu ambalo mimi nilidhani la mtu aliyefurahia kitasa kizuri.

Dada yake hakuwa na tabasamu. Alitoka mle chumbani akirudi nyuma nyuma, kisigino chake kikagonga kopo la mnanaa, nusura apige mwereka. Akashika ukuta, akaugeukia ua wote kwa hasira.

"Mimi mwenye macho yangu mawili nimejikwaa," akasema. "Sembuse yeye? Benchi hapa, pipa pale, makopo kila mahali. Mdogo wangu ataumia."

"Dada," kijana akasema taratibu, "tulishakubaliana."

Walikuwa wamekubaliana kweli, na dada akayarudia makubaliano yale mbele yetu sote ili kila mmoja awe shahidi. Angekaa hapa mpaka mwisho wa mwezi. Siku hiyo dada angekuja kumtazama. Akimkuta ameumia, au anapapasa kuta kama mgeni, basi wanachukua nguo wanarudi nyumbani kwake, na lisisikike neno. Kijana akasema sawa. Alilisema upesi, kama mtu anayeogopa mwenzake atabadili mawazo.

Kisha akamgeukia Mama Sogeza. "Mama, nina ombi moja tu. Sihitaji kushikwa mkono, wala kutengenezewa kitu. Ila vitu vya hapa uani vibaki palepale vilipo leo. Nikishavijua, nimeshajua njia."

Mlinzi, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake na mswaki mdomoni, alipaliwa na povu. Mimi niliinamia kichwa cha mteja wangu nisije nikacheka hadharani. Kati ya maombi yote ya dunia! Mama Sogeza aliutazama ua wake kwa zamu, benchi, pipa, makopo, kamba, kama mtu anayewaaga ndugu kituoni.

"Nimekubali, baba," akasema. "Vitakaa."

Siku ileile alimzungusha uani, na kila kitu kijana alikigusa na kukisemesha. Nilidhani atahesabu hatua, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimesikia kwamba wasioona huhesabu. Nilipomuuliza alicheka. "Dada msusi, wewe ukienda sokoni unahesabu hatua? Unaona duka la nyama, unajua unakata kona. Na mimi hivyohivyo. Pipa ni duka la nyama."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Akiingia getini, fimbo yake ililitafuta pipa la maji lililokaa chini ya mfereji wa bati, akaligonga. Kutoka pale alikata kulia mpaka kwenye mguu wa benchi la Bibi. Akilifuata benchi mpaka mwisho, pua yake ilichukua harufu ya mnanaa, na mnanaa ulikuwa mlangoni kwake. Safari ile ilikuwa fupi kuliko muda wangu wa kuchambua nywele. Tena kwa kuligonga pipa aliweza kujua maji yaliyomo. "Mama, yamebaki robo," angesema akipita, na watu wakawahi ndoo zao. Baada ya muda hakuna aliyehangaika kufunua pipa. Tulimngoja Opereta.

Jioni moja moshi mweusi ulitoka chumbani kwake. Tulikimbia wote, mimi na kitana mkononi, Bibi akijikongoja kwenye mshikio wake. Akatokea mlangoni ameshika sufuria, anakohoa, anacheka.

"Msiingie!" akasema. "Ni vitunguu vyangu. Nimeviunguza mwenyewe."

Kesho yake alikuja kukaa kibarazani kwangu, akanieleza. Kwa dada yake hakuwahi kuunguza kitu, kwa sababu hakuwahi kuruhusiwa kulisogelea jiko. Chakula kililetwa kimeshakatwakatwa. Maji ya kuoga yalipimwa na mtu mwingine. Akitaka kutoka nje, viti vyote vya sebuleni viliburutwa pembeni kumpisha, na kila mtu akakaa kimya mpaka apite. "Dada ananipenda," akasema. "Alinilea tangu mama yetu alipoondoka duniani. Sina la kumlaumu. Lakini nikirudi kule, dada msusi, sitatoka tena. Najijua. Nitazoea." Nilimsikia, na siku hiyo nilisuka mistari imepinda, mteja akanilalamikia kwa haki.

Mama Sogeza naye alikuwa na mwezi wake. Jumamosi ya kwanza alitoka na kibwebwe chake kama kawaida, akasimama katikati ya ua. Akaliendea benchi, akaliwekea mkono, akaliacha. Akaliendea pipa, akalifuta vumbi ambalo halikuwapo. Kisha akarudi ndani, na baada ya muda tukasikia kitu kinaburutwa. Lilikuwa kochi. Kwa kuwa uani palifungwa, mikono yake iligeukia chumbani mwake. Jumamosi iliyofuata aliburuta kabati, na nyingine akaburuta kitanda mpaka kikakwama nyuma ya mlango, akawa hawezi kutoka. Mlinzi aliamshwa, akausukuma mlango kwa bega huku akisema maneno ambayo sitayaandika.

Opereta chumba chake kilipakana na cha mama. Alikuwa akisikia kila kitu. "Mama," aliita siku moja kupitia ukutani, "kabati limeondoka dirishani?"

"Umejuaje wewe?"

"Sauti yako imekuwa na nafasi."

Yule mama alivyofurahi! Alitoka akatusimulia sote, mmoja mmoja, kwamba katika nyumba hii hatimaye amepatikana mtu anayetambua kazi yake. Damu zao zilipatana. Mama alimpelekea mnanaa wa chai, naye kijana alimletea habari za simu za hospitalini, nani anaita daktari kwa kubembeleza na nani kwa kufoka, maana yeye watu aliwajua kwa sauti zao. Mwezi ukawa unakwenda, hana hata mchubuko.

Ikafika siku ya dada. Opereta alikuwa na zamu ya asubuhi, angerudi mchana. Dada alisema atafika kabla yake, amwone anavyoingia. Asubuhi hiyo Mama Sogeza alituita wote uani, na nilipomwona na kibwebwe nilijua limetufika.

"Leo nataka ua huu uwe mweupe kama kiganja," akasema. "Mnakumbuka yule dada alivyojikwaa? Mnakumbuka alivyosema, benchi hapa, pipa pale? Leo asione hata kijiti. Toa kila kitu."

"Mama," nikasema, "si uliahidi kutosogeza?"

"Nasogeza nini mimi? Kusogeza ni kutoa hapa ukaweka pale. Mimi siweki popote, naondoa. Kitu kisipokuwapo, mtu atajikwaa wapi?"

Nilitafuta pa kumshika nikakosa. Mlinzi naye akatikisa kichwa, kwamba mama ana hoja. Na ukweli ni kwamba nilipomtazama usoni, macho yalikuwa yanameta, vidole vinacheza. Mwezi mzima mikono ilikuwa na njaa, na sasa imewekewa sahani mbele, tena sahani ya wema. Ni nani angemzuia? Tukamwaga maji ya pipa, tukaoshea ua. Pipa likaviringishwa nyuma ya nyumba. Benchi likaingia chumbani kwa Bibi. Makopo ya mnanaa yakapandishwa juu ya ukuta wa jiko, kamba ikafunguliwa. Tulipomaliza tulisimama tukatazama. Ulikuwa ua mpana, safi, unang'aa maji. Sikuwa nimejua kwamba tuna nafasi kubwa namna ile.

Dada alifika, akasimama getini, uso ukalainika. "Afadhali," akasema. "Hapa sasa panakalika." Mama Sogeza alivimba kwa furaha. Alimweka kwenye kigoda mbele ya mlango wake, akamletea chai, wakaanza kuulizana habari za nyumbani. Mimi nilikuwa na mteja kichwa nusu. Mlinzi alikataa kulala, hakutaka kukosa.

Fimbo ikasikika barabarani. Geti likafunguka.

"Hamjambo wa nyumbani!" Opereta akasema. Tulikula njama ya kunyamaza, tumekenua meno kama watoto waliomfichia mtu zawadi. Akapiga hatua, akanyoosha fimbo kuligonga pipa. Fimbo ikapita hewani. Akasimama. Akainyoosha tena, kushoto, kulia, mbele. Ikagonga sakafu tu. Tabasamu langu lilinifia mdomoni, nikajua tumefanya nini.

Yeye akainamisha kichwa kidogo, kwa adabu.

"Samahanini sana," akasema. "Nimekosea geti."

Akageuka, akatoka.

Kikombe kilimponyoka dada, kikavunjika. Mama Sogeza alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Ni hapahapa, baba! Rudi! Ni kwako!" Akarudi, lakini alirudi mtu mwingine. Alikata kulia mapema mno, benchi halikuwapo kumwambia, akaenda mpaka akagonga jiko kwa bega. Akashika ukuta. Akaufuata kwa viganja, akafungua mlango, ukawa wa Mlinzi. Akarudi nyuma, akapapasa tena. Mnanaa ulikuwa juu kule, harufu yake inaruka juu ya vichwa vyetu. Kila mtu alisema "kushoto", kila mtu alisema "hapana, kulia", na zile sauti zikazidi kumpoteza.

Dada alikuwa amesimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Basi," akasema. "Basi, mdogo wangu, inatosha. Unapapasa kuta kama mgeni. Chukua nguo zako twende nyumbani."

Opereta alibaki ameegemea ukuta wa jiko. Aliposema, hakumsemesha dada yake. "Mama. Nilikuomba jambo moja."

Mama Sogeza aliacha kibwebwe kilegee kiunoni. Akaenda akasimama katikati, kati ya ndugu wale wawili. "Mwanangu, si yeye," akamwambia dada. "Usimchukue kwa kosa langu. Mwezi wote amepita hapa kama maji, muulize yeyote. Leo nimeondoa vitu vyote ili upapende wewe. Nilikuwa nakuogopa wewe, nikamsahau yeye."

"Lakini si umeondoa vya kumkwaza?" dada akasema. "Kama hata pakiwa peupe namna hii hawezi, vikirudi itakuwaje?"

Opereta akainua kichwa. "Dada. Wewe ukiamka kesho ukakuta maduka yameondolewa, nyumba hakuna, miti hakuna, barabara zimefutwa, umeachiwa uwanja mtupu mpaka macho yanapoishia. Ungefika kazini?"

Dada aliutazama ua mtupu, kutoka getini mpaka jikoni.

"Nyumbani kwako," kijana akaendelea, na sauti yake haikuwa na ukali, "kila nikitoka mnaniondolea viti. Kila siku mnanipa uwanja. Virudisheni vitu vyangu. Kisha utaamua, na nitafuata uamuzi wako."

Hatukungoja kuambiwa mara mbili. Pipa likaviringishwa mbio, benchi likatoka, Mlinzi akayashusha makopo akiwa na taulo shingoni. Hapo ndipo aibu ya pili ilipotukuta, maana hakuna aliyekumbuka kitu kilikaa wapi. Mimi nilisema benchi lilikuwa pale, Bibi, ambaye hulikalia kutwa, akasema hapana, ni hapa. Tukamgeukia Mama Sogeza, naye akabaki kukodoa macho. Benchi lile machoni mwake lilishakaa kila mahali. Sisi wote wenye macho tulikuwa tumepita penye vitu vile mwezi mzima bila kuviona.

"Pipa lije kushoto," Opereta akasema kutoka ukutani. "Bado. Bado kidogo. Nyuma. Hapo." Mama Sogeza akainama, akaweka kidole sakafuni. Pete ya kutu iliyoachwa na pipa ilikuwa imezunguka ukingo wake sawasawa. Akamwonyesha dada. Benchi nalo, Opereta akatwambia mguu mmoja huingia kwenye ufa wa saruji, tukautafuta ufa, tukaupata. Makopo aliyapanga kwa pua. Tulipomaliza alikuja akaligonga pipa, akakunja uso. "Linalia njaa," akasema. "Litieni maji." Tukachota.

Kisha akatoka getini, akalifunga. Tulisimama tukilitazama geti. Mteja wangu, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, alinishika mkono akauminya.

Geti likafunguka. "Hamjambo wa nyumbani!"

"Hatujambo!" tukaitika wote, hata dada.

Fimbo ikagonga pipa. "Nusu," akasema, akakata kulia. Mguu wa benchi, mwisho wa benchi, mnanaa. Alitoa ufunguo mfukoni akitembea, na kitasa kikaitika mara moja. Ilikwisha kabla sijameza mate. Akaacha mlango wazi, tukasikia kiberiti, tukasikia kisu juu ya ubao.

"Dada," akaita kutoka ndani, "kaa tule. Leo vitunguu haviungui, nimeshafundishwa na moto wenyewe."

Dada aliingia. Mimi nilikuwa na kazi ya kumalizia, lakini kibaraza changu, kama nilivyosema, kinaona. Nilimwona akinyanyuka kumsaidia, akakaa. Akanyanyuka tena, akakaa tena juu ya mikono yake mwenyewe. Akawekewa sahani. Alikula taratibu, na katikati ya kula aliacha, akamtazama yule mdogo wake akipakua, akaendelea. Sijui walisemezana nini. Nilisikia kicheko, na nilisikia dada akisema, "Chumvi umezidisha," na kijana akamjibu, "Nimezidisha mwenyewe," na kicheko tena.

Jua lilikuwa limelegea alipotoka. Alikuwa amebeba mkoba wake tu. Nguo za mdogo wake zilikuwa zimebaki kwenye msumari nyuma ya mlango, mimi niliziona, na moyo wangu ulitulia. Akatuaga kila mmoja. Alipokuwa anamkumbatia Mama Sogeza akamwambia, "Mwezi ujao nitakuja tena, mama. Tafadhali, usiniondolee kitu." Wakacheka wote wawili kicheko cha watu waliokwisha kulia.

Akageuka kumtazama ndugu yake mara ya mwisho, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, na kwa kule kugeuka mguu wake ukagonga lile kopo la mnanaa, lilelile la siku ya kwanza. Kopo likayumba, likasogea. Mimi nilingoja alalamike kama siku ile. Mama Sogeza alishaanza kuliendea, akasita, akaipeleka mikono yake nyuma, akaifungia huko.

Dada akaweka mkoba chini. Akachuchumaa na nguo zake nzuri, akalishika kopo kwa mikono miwili, akalirudisha.

"Ni hapa, mdogo wangu?" akauliza.

Opereta akavuta pumzi kwa pua. "Nyuma kidogo."

Akalirudisha nyuma kidogo.